Babu alitamba miaka yote kuwa marehemu mwalimu wake alimpa 20/20, nikalikuta daftari

Wakuu shikamooni, wa rika langu mambo. Nipo Form Three hapa Ifakara na najulikana kwa fiksi, ila leo hii siyo chai.

Babu yangu alisoma Shule ya Msingi Michenga. Alipokuwa darasa la saba, mwalimu wao wa hesabu alienda vita ya Kagera, akauawa huko. Mwili haukurudi.

Sasa kila nikileta matokeo ya hesabu (juzi nilipata 24, msicheke), Babu ananichapa kwa hadithi ile ile:

"Mwalimu kabla hajaondoka alinipa ishirini kwa ishirini. Wewe umemrithi nani?"

Shahidi pekee ni marehemu. Utabisha na nani?

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, wanafunzi wake wa zamani husali nyumbani kwa mjane wake, maana kaburi hakuna. Babu akanichukua.

Baada ya sala, Bibi, yule mjane, akafungua sanduku la bati. Ndani, madaftari ya darasa lile! Mafuriko yakija, huyu mama anapandisha kwanza sanduku darini, mpunga baadaye.

Wakuu, nilichekelea kama fisi.

"Bibi, naomba la Babu."

Babu: "Wewe! Achana na vitu vya marehemu!"

Bibi: "Mwache mtoto asome."

Nikasoma kama mtangazaji wa mpira: "TATU kwa ishiriniii!"

Wazee walicheka hadi wakashikana mabega.

Bibi akasema, "Mbona hujamaliza? Soma na chini."

Chini, wino mwekundu: *Rudia zote. Nikirudi tutasahihisha pamoja.*

Hiyo nikaisoma taratibu.

Babu akavua kofia. "Mama Mwalimu, nililirudisha hapa bila kurudia hata moja. Tulipoambiwa amekufa, nilifurahi kidogo kwamba daftari halitaonekana. Ndiyo maana nadanganya."

Bibi akampa kalamu. "Basi rudia, kijana."

Kijana ana mvi kichwa kizima! Akakaa mkekani, akafanya zote. Namba sita akaniuliza mimi kwa kunong'ona, nami sijui.

Bibi akanipa kalamu nyekundu nisahihishe, yeye akisimamia. Akapata kumi na moja. Babu akadai namba tisa ni haki yake, nikakataa.

"Mwalimu naye angekataa," Bibi akasema, akalirudisha daftari sandukuni.

Funzo: ukimfumania mzee, soma mpaka chini ya ukurasa kabla hujapiga kelele.

Kama kwenu kuna mwalimu aliyekwenda vita ile, mtajeni hapa. Msituambie alipiganaje, tuambieni alifundishaje.