Siku Mukubwa Aliposhuka Motokari

Kwa miaka sita nilipata mkate wangu kwa kutazama viganja vya watu. Mpaka wetu wa kusini hauna bahari, lakini ni bandari kweli: makamio, yaani malori, yanapanga mstari tangu alfajiri, yanaingiza unga, saruji na samaki wa barafu, yanatoa shaba yetu, na kila mwenye kuvuka lazima apite mbele ya meza ya afya. Nyuma ya meza hiyo nilikaa mimi, muuguzi, na koti jeupe, daftari, na kile kipimajoto unachomwelekezea mtu kwenye paji la uso kama bastola. Jumatatu nilitoka nyumbani Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, Jumamosi nilirudi, na juma zima nililala katika chumba cha kupanga karibu na kituo.

Ndui ya nyani ilipoanza kusumbua nchi, tuliletewa kanuni yenye muhuri, tukaibandika ukutani. Ilikuwa fupi. Kila msafiri ashuke, apimwe joto, aonyeshe viganja. Mwenye homa au vipele akae kando mpaka daktari aamue.

Huko kando palikuwa hanga la mabati nyuma ya kituo, limegawanywa kwa turubai, na vitanda vinane vya chuma. Pipa la maji lilikuwepo, lakini lilijazwa siku za wageni wa ukaguzi tu. Choo kilikuwepo pia, kizuri, cha saruji, kimepakwa rangi ya samawati. Kilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa shefu, mkuu wa kituo, kwa sababu, alisema, wagonjwa watakiharibu kabla hakijakaguliwa. Basi waliowekwa hangani walikwenda majanini nyuma ya ukuta, na wanawake wanaouza mikate upande wa pili waliwaona, wakageuza nyuso kwa adabu.

Shefu mwenyewe alikuwa daktari, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa simu. Ikilia, alisimama wima kabla ya kuipokea.

Juma lile hangani alikuwemo mtu mmoja, shofere wa kamio kutoka Tanzania, mwenye ndevu zilizoanza mvi. Ni mimi niliyemweka mle. Alionyesha mikono, nikaona vipele, nikamwambia akae. Alisema ni joto la kamio, kwamba siku kumi na moja amelala humo humo. Pengine, nilimjibu, lakini macho yangu si maabara. Tukachukua sampuli, ikapelekwa mjini, na jibu likakawia.

Aliniita sista, kama wauguzi wanavyoitwa kwao. Kwetu masista ni watawa, na siku ya kwanza nilimweleza kwamba mimi nina mume na watoto wanne. Alicheka sana. Siku ya tano hakucheka tena.

"Sista, umenifunga kwa ajili ya ugonjwa, sawa," aliniambia kupitia tundu la turubai. "Na umesema mwenyewe ugonjwa huu unapita mikononi. Sasa mimi nanawa na nini?"

Tangu siku ya pili nilikuwa nikimletea bidoni moja, dumu la plastiki, kila asubuhi kutoka kisima cha jirani, maji ya kunywa na kupikia, yakaisha kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kwa shefu. Alisema barua ya kuomba maji imeshaondoka kwenda Lubumbashi, tuvumilie. Nikamwomba basi ufunguo wa choo. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake.

Kesho yake, kama saa nne za asubuhi, zilikuja motokari mbili nyeusi kutoka ng'ambo. Hazikupanga mstari. Zilipita pembeni ya makamio, vioo juu, zikapiga honi mbele ya mti wa kizuizi. Hayo yalikuwa mazoea. Motokari za wakubwa hazikushusha mtu; mti uliinuliwa, halafu mmoja wetu aliandika kwenye daftari kwamba abiria hawana dalili. Mimi mwenyewe niliandika hivyo mara nyingi, kwa mwandiko mzuri, bila kuona hata uso mmoja. Sijifanyi malaika.

Siku ile sikuweza. Nilikuwa nimetoka kumtazama yule shofere akipangusa mikono kwa jani. Nikasimama, nikatoka nyuma ya meza, nikaenda kujiweka mbele ya mti. Mlinzi alikuwa ameshashika kamba. Nilimwambia aiache, naye akaiacha, nadhani kwa mshangao tu.

Dereva wa motokari ya kwanza alishusha kioo, akanitajia cheo cha mtu aliyekuwa ndani. Cheo hicho sitakiandika hapa. Sisi tunasema mukubwa, inatosha. Nilimjibu kwamba nimesikia, na kwamba mukubwa ashuke apimwe kama wengine. Hapo shefu akatoka mbio, shati limechomoka, akanivuta mkono pembeni.

"Mama, unafanya nini? Ule ni mukubwa."

"Shefu, pale ku ukuta banaandika kila muntu."

"Ile kanuni iko ya bantu ba makamio."

"Basi leta bic, tuandike vile: bantu ba makamio tu. Kiisha weye utie mukono."

Hakuleta kalamu. Alitazama kanuni kwa mbali, akatazama motokari, akabaki katikati.

Wakati huo mashofere walikuwa wameanza kushuka kwenye makamio yao. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama kando ya barabara, wamekunja mikono, wakangoja kuona. Nilijua kabisa kwamba ninaweza kupoteza kazi kabla ya chakula cha mchana, na bado sikusogea, kwa sababu kusogea mbele ya macho yale kungekuwa kumwambia kila mmoja wao kwamba viganja vyao ni vichafu na vya wengine ni vitakatifu.

Kioo cha nyuma kikateremka. Mle ndani mlikuwa na ubaridi, lakini shingo ya yule bwana ilikuwa imeloa jasho. Alisema ana mkutano Lubumbashi. Nilimwambia nitampima upesi. Akauliza jina langu. Nilimtajia, halafu nikamtajia herufi moja moja ili asikosee kuliandika.

"Papa, uko na homa," nikamwambia, kama tunavyomwita kila baba kwetu. "Inaonekana hata bila kukupima. Shuka."

Akavua miwani ya jua, akawatazama wale mashofere. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akashuka. Sijui kama ni aibu au ni ugonjwa wenyewe uliomchosha. Kipimajoto kilipita thelathini na tisa. Viganja vyake vilikuwa safi. Lakini kanuni ilisema homa au vipele, haikusema vyote viwili, nami nikamwonyesha njia ya hanga.

Angekaa dakika kumi tu kama kituo kingekuwa na vipimo vya malaria. Vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliotangulia. Shefu alimtuma mtu kwa pikipiki kuvitafuta hospitalini, na mukubwa akaketi kwenye benchi, turubai moja tu ikimtenga na shofere wa Tanzania. Aliomba maji ya kunawa uso. Nikamwonyesha pipa. Alifunua kifuniko, akainama, akaona hadi chini pakavu.

"Hamuna maji hapa?"

"Njo vile siku zote, papa."

Baadaye akauliza choo. Sikuhitaji kujibu, maana shefu alikuwa ameshafika na ufunguo mkononi. Mukubwa aliliona lile kufuli likifunguliwa, akaona pia sakafu ambayo haijawahi kukanyagwa. Aliporudi kwenye benchi, alimuuliza mtu wa ng'ambo ya turubai yuko hapo tangu siku ngapi.

"Ya sita leo, mheshimiwa."

Alianza kupiga simu, kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Kabla ya saa saba gari la maji likaingia uani, la kwanza kwa majuma matatu, likajaza pipa na ndoo zote tulizokuwa nazo. Yule shofere alitoka, akanawa mpaka viwiko, polepole, akamwaga, akanawa tena.

Pikipiki ilirudi saa nane. Ilikuwa malaria. Mukubwa alipewa dawa, akameza vidonge vya kwanza mbele yetu, akapanda motokari yake bila kunitazama. Shefu alisimama karibu nami mpaka vumbi likatulia.

"Unaona? Malaria tu," alisema.

Nilimjibu kwamba namshukuru Mungu, ingekuwa jambo lingine tungelia wote. Ufunguo wa choo, aliousahau kwenye kufuli, sikumrudishia. Nilipigilia msumari kwenye mlango wa hanga, nikautundika hapo, na hakuna aliyethubutu kuuondoa.

Siku tatu baadaye jibu la shofere lilifika: hakuwa na ndui. Vilikuwa vipele vya joto, kama alivyosema tangu mwanzo. Nilimwendea na karatasi yake, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba yeye alisema kweli. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sista, mimi ulinikosea," alisema. "Lakini na yule mheshimiwa ulimkosea vilevile. Hapo sina neno."

Akapanda kamio lake, akaenda.

Barua ya kunitaka nijieleze haikuchelewa kama maji. Iliniambia kwamba nimekosa hekima na nimemdhalilisha kiongozi mbele ya wageni, na ikanipa siku mbili kuandika majuto yangu. Nilikuwa nimerudi Bel-Air. Nilimsomea mama yangu, mjane wa mtu wa reli, aliyekuja na baba kutoka kaskazini ya Katanga na kuona serikali nyingi zikipita. Alinisikiliza, rozari mkononi.

"Andika pardon, mutoto wangu, ubakie na kazi. Pardon haiue muntu."

"Niombe pardon ya nini, mama?"

Namjua mama, angekuwa na kosa la kunionyesha, angenionyesha bila huruma. Alitafuta muda mrefu, kisha akaniambia niandike ninachoona.

Niliandika nusu ukurasa. Niliweka saa motokari zilipofika, joto nililolipima, maneno ya kanuni kama yalivyo ukutani, siku ambazo pipa lilikuwa tupu, na habari ya kufuli. Neno pardon halikuwemo. Baada ya mwezi nilihamishiwa kituo kidogo cha afya Naviundu, humo humo Lubumbashi, kuchanja watoto, na aliyeniletea karatasi hiyo alinipa mkono wa rambirambi kana kwamba nimefiwa. Walidhani ni adhabu. Mimi siku hizi nalala nyumbani kwangu, na akina mama wa Naviundu wakiona nimemruka mtu kwenye foleni, hawaandiki barua, wananiambia palepale.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa chuo kikuu, kule Kasapa, aliniomba nije kuwaeleza wanafunzi wake kazi ya mpakani. Mlangoni aliniomba, kwa heshima nyingi, nizungumzie namna ya kupima tu, mambo ya yule mukubwa niyaache. Niliingia, nikawaeleza namna ya kupima. Halafu nikawaeleza mambo ya yule mukubwa, yote, pamoja na miaka niliyoandika "hawana dalili" bila kuona uso.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono. Alisema bila ubaya kwamba mwishowe ilikuwa malaria, na akauliza kama sikuona haya.

"Malaria tuliiona kisha kupima," nilimwambia. "Mbele ya kupima ilikuwa homa, na homa ya mukubwa iko sawa na homa ya shofere. Apite tena kesho, nitamushusha tena."

Mwalimu alitazama saa yake, akanishukuru, akasema muda umekwisha. Wanafunzi walibaki wamekaa, wakauliza mengine, nikawajibu mpaka darasa likahitajiwa na wenzao. Sijaitwa tena Kasapa. Namba yangu wanayo.