Safi na Fifi Gunia Moja

Desemba hii watu wananiuliza mwaka nitaukumbuka kwa lipi. Nitaukumbuka kwa gunia moja la pamba pale Ngulyati.

Ilikuwa kwenye kituo cha mnunuzi binafsi, mmoja wa hawa waliotujia na soko huria. Mama mmoja alitua mizigo miwili: mkubwa wa pamba safi, mdogo wa pamba fifi, ile yenye madoa. Alikuwa ameichambua nyumbani kwa mikono yake, kama alivyofundishwa na mama yake. Karani akaimwaga yote kwenye gunia moja.

"We mwanangu, hiyo ni fifi!"

"Mayu, mama yangu, siku hizi hatubagui, bei ni moja. Pamba ni pamba."

Mama akapiga magoti, akatumbukiza mkono guniani, akaanza kuichomoa fifi yake. Foleni nzima ikacheka. Karani akamvuta khanga: "Unatuchelewesha bwana!"

Akainuka, akajikung'uta magoti. "Basi andika kwamba umechanganya wewe. Mimi sijachanganya."

Karani hakuandika kitu.

Nilikasirika siku ile, na hasira haijaisha. Wakubwa walituambia ushindani utamfundisha mkulima ubora. Huyu aliujua tangu utotoni, na tukamcheka mbele ya watu!

Juzi nilipita kijijini kwake. Mvua imenyesha, mama anapanda. Jirani yake, aliyecheka kuliko wote kwenye foleni, aliniambia msimu ujao hapotezi muda kuchambua. Tena ataongeza mchanga kidogo, gunia liwe zito.

Somo limeeleweka.