Majani ya Kufagiwa

Bibi Cherehani, kama wanafunzi walivyokuja kumwita, hakuwa mhitaji hata kidogo. Alitunga uzi sindanoni bila miwani, uwanja wake ulifagiwa kabla jua halijachomoza, na makali ya ulimi wake waliyajua vizuri wateja waliochelewa kuchukua nguo zao. Alichokosa ni mwanawe tu. Naye hakuwa mbali, alikuwa ng'ambo ya ukuta, mwalimu katika shule ya bweni ya wasichana, ya kulipia.

Zamani binti huyo alikuja kila Jumapili. Walipiga soga, wakasengenya watu kidogo, wakacheka. Kisha shule ikapata mkuu mpya, na mkuu mpya akaja na programu zake. Kulikuwa na somo la roboti, somo la uongozi, na somo la kufikiri. Hilo la mwisho lilimfanya mama ajiulize miaka yote ile wazazi walikuwa wakilipia nini. Juu ya hayo ikaja programu ya jamii, Tusimwache Bibi. Kila Jumapili wasichana wangewatembelea wazee wa mtaani wasio na mtu wa kuwajulia hali. Msimamizi akateuliwa binti yake.

"Mama, Jumapili hii sitaweza," alisema kwenye simu. "Nina wazee."

"Na mimi ni kigori?"

"Mama nawe! Wewe una nguvu zako. Hawa hawana mtu kabisa."

Jumapili hiyo ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Mama alikasirika, tena hasa. Alimshonea mteja shati, mikono yote miwili ikageuka ndani nje. Siku wasichana wawili walipopita wakibisha hodi nyumba kwa nyumba, aliwafungulia akiwa amepinda mgongo, mkono kiunoni.

"Shikamoo, bibi. Una mtu wa kukuangalia?"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mtu nimtoe wapi mie?"

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Msimamizi hana budi kuja kukagua. Kama hataki kuja kama mtoto, basi atakuja kama mwalimu. Mtaani alijulikana kama Mama Mwalimu, kwa hiyo aliwaambia wamwite Bibi Cherehani, asije akashtukiwa mapema.

Shida ikawa kazi. Wasichana walikuja na mafagio mapya na hamu ya kusaidia, wakakuta uwanja unang'aa. Wakabaki wanatazamana. Basi Jumapili iliyofuata mama aliamka, akazoa majani makavu nyuma ya nyumba, kapu tele, akayamwaga uwanjani na kuyatandaza vizuri. Sufuria zilizotakata akazipaka masizi. Wasichana wakafagia na kusugua wakiimba, na wakimaliza walikaa. Yule mrefu alijifunza kutia vifungo. Yule mwenye mwanya alikuwa akiwakumbuka sana wa nyumbani, siku moja akalia, na mama akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha kushonea. Akajikuta anawangojea wao. Hilo hakulipanga.

Ukaguzi ukafika. Mkuu alitangulia, binti akafuata na kamera shingoni, akaganda mlangoni kinywa wazi. Mama hakumtazama.

"Pole na upweke, bibi," mkuu alisema, akikaa. "Una watoto?"

"Ninaye mmoja. Wa kike."

"Huwa anakuja kukuona?"

Jibu alikuwa nalo tayari, alilinoa wiki nzima. Lakini jicho likamponyoka, likaenda mlangoni. Vidole vya binti vilikuwa vikisokota mkanda wa kamera, vile vile vilivyosokota pindo la gauni utotoni kila alipongojea kugombezwa. Hasira yote ikamwisha mama. Alimwonea huruma.

"Anakuja," akasema. "Kila Jumapili. Hakosi."

"Kumbe!" Mkuu akainuka. "Basi tuwie radhi, bibi. Programu yetu ni ya wasio na mtu. Wasichana tutawapeleka kwingine." Akamgeukia msimamizi wake. "Mwalimu, uwe makini. Watu watatuchezea."

"Ndiyo, mkuu," binti alijibu.

Wakaondoka. Mama alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Amemfichia aibu mtoto asiyekuja, na malipo yake ni kunyang'anywa wajukuu wawili waliokuwa wakija. Iliuma.

Jumapili hakumwaga majani. Alikuwa akipinda pindo la sketi aliposikia hodi, akamwona binti yake, shingo tupu.

"Programu je?"

"Nimemwambia mkuu nina mama."

"Akasemaje?"

"Akauliza kwa nini nilikuwa kimya siku zote." Binti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Ila leo siwezi kukaa sana, wazee wananisubiri. Nikusaidie nini haraka haraka?"

Mama alitazama uwanja. Ulikuwa safi, hauna hata unyasi. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kapu, akamwaga majani yote katikati ya uwanja, mbele ya macho ya mwanawe, kisha akamkabidhi fagio.

"Anza na hayo," akasema. "Na usiharakishe."