Mlango Usio na Ng'ombe

Mwaka jana nilirudi Guangzhou, kusini mwa Uchina, kununua mashuka na mapazia, na kabla hata sijafungua begi nikajikuta napanda ngazi za jengo tulilokaa nikiwa mtoto, kwenye vichochoro vya nyuma ya Tianxiu Dasha, jengo la maduka ya wafanyabiashara wa Kiafrika. Miguu ilijua njia yenyewe. Mlinzi wa jengo, kijana mwenye koti la bluu, akanifuata akitaka kujua namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, natafuta mlango. Hakunielewa, lakini akaendelea kupanda nyuma yangu, maana kazi ni kazi.

Mama yangu ni mwenyeji wa Shinyanga na ni mlokole wa kweli, si wa Jumapili tu. Miaka ile alikuwa akiamka alfajiri kwenda soko la nguo la Shahe kuchagua blauzi na suruali za bei ya chini, akirudi na robota mgongoni kama mchukuzi, na mchana yuko Tianxiu kwa wakala wa mizigo akibishania nafasi kwenye kontena. Baba alibaki nyumbani Tanzania kupokea mzigo. Mimi nilisoma kwa mwalimu mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akikusanya watoto wetu sebuleni kwake, na jioni nikacheza ngazini na watoto wa jengo mpaka Kikantoni, Kichina cha kule, kikanikaa mdomoni kuliko Kisukuma. Jambo hilo lilimuudhi bibi yangu kila alipopiga simu.

Mwenye nyumba wetu alikaa ghorofa ya chini yetu. Tulimwita A-po, yaani bibi, kama walivyomwita watoto wote. Usinielewe vibaya, hakuwa bibi wa hadithi. Alikuwa mchoyo wa maji ya moto, mbishi, na alianika samaki wa chumvi kwenye kamba ya nguo mpaka mashuka yetu yakanuka kama soko. Lakini alikuwa na mikono ya ajabu. Jikoni kwake, juu ya mtungi wa mchele, alikuwa ameweka picha ya mungu wake: mzee mwenye pembe mbili fupi kama za ndama, amevaa majani mabegani, anatafuna jani jingine. A-po alimwita Shennong. Aliniambia ndiye aliyewafundisha watu kulima, ndiyo maana ana pembe, kwa sababu bila ng'ombe hakuna jembe, na bila jembe hakuna wali. Mimi niliona ni sawa kabisa. Mtoto haoni tabu kwenye mambo kama hayo.

Na kila mwanzo wa majira ya kuchipua alikuwa akifinyanga ng'ombe wa udongo, mkubwa kama mbuzi aliyelala, na kumjaza tumboni mpunga, maharage na ulezi. Siku yenyewe ikifika, watoto wote tulishuka uani na fimbo za mti laini zilizofungwa karatasi za rangi, tukamcharaza yule ng'ombe mpaka akapasuka. A-po alisema baridi imemlaza, lazima achapwe aamke, akiamka na ardhi inaamka. Nafaka zikimwagika, watu wazima nao waliinama bila aibu kugombania vipande vya udongo, kila mtu cha kwake, cha kuweka kwenye chungu cha maua au chini ya kitanda. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi mate yananijaa, kwa sababu baada ya hapo tulipewa keki za mchele zilizokaangwa.

Kabla ya siku hiyo, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wao, A-po alipita mlango kwa mlango akibandika karatasi nyekundu yenye picha ya ng'ombe na mchungaji wake. Ukiwa mjuzi unamtazama mchungaji miguuni. Akiwa amevaa viatu, mwaka utakuwa mkavu. Akiwa peku, mvua zipo. Pale hakuna mlango wa mtu aliye hai uliokosa ng'ombe. Mlango mtupu ulimaanisha chumba kitupu.

Mwaka ule, mwaka uliofuata baada ya michezo mikubwa ya Beijing, A-po alitaka kutupendelea. Sisi hakutubandikia ng'ombe. Alitubandikia Shennong mwenyewe, mpya, mwenye pembe nyeusi zinazong'aa, macho yakitazama ngazi.

Mama akatoka Shahe na robota lake, akainua kichwa, akakutana naye uso kwa uso.

Rafiki yangu, sijapata kuona karatasi ikichanwa vile. Mama aliichana vipande, akavikanyaga, akaleta mafuta ya upako, akapaka fremu yote ya mlango huku akikemea kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka stesheni ya treni. Kwake, mwenye pembe alikuwa mmoja tu. A-po alitoka kuangalia kelele ni za nini. Alivitazama vile vipande, akamtazama Mama, akaokota kimoja chenye pembe, akashuka nacho bila neno. Tangu siku hiyo hakutusalimia. Hata mimi alinipita kama ndoo.

Na ilikuwa wakati mbaya wa kugombana na mwenye nyumba. Msako wa wageni wasio na karatasi ulikuwa umepamba moto. Askari walikuwa wakisimama milangoni mwa Tianxiu, wakipita masoko ya Guangyuan Xilu, wakipanda majengo, na neno lao lilikuwa moja: pasipoti. Asiyekuwa nayo mkononi alichukuliwa palepale. Pasipoti ya Mama ilikuwa kwa wakala wa kuongeza viza, na kila akipigiwa simu wakala alijibu kesho. Mama akaacha kwenda Shahe. Tulikaa ndani, mapazia yamefungwa, tukiongea kwa kunong'ona. Mwalimu alikuwa amemwambia waziwazi kwamba wakimchukua, mimi nitabaki kwake mpaka Baba apate nauli, na Mama alinifundisha namna ya kukunja nguo zangu kwenye begi dogo. Niliogopa sana. Sikuogopa askari, niliogopa lile begi.

Asubuhi walipokuja, Mama alikuwa anakaanga dagaa wa Mwanza, zawadi ya mfanyabiashara mwenzake. Tukasikia buti ngazini na sauti ya A-po akipanda nazo, akihema, akilalamikia magoti. Mama akazima jiko. Lakini harufu ya dagaa haizimwi, ikapita chini ya mlango kwenda kuwapokea wageni.

Askari mmoja, aliyeongea Kichina cha kaskazini, akamuuliza A-po kama humu kuna Waafrika.

"Meiyou," akajibu A-po. Hakuna.

Lilikuwa neno ambalo Mama alilichukia kuliko yote. Kila siku Shahe alirushiwa hilo: saizi hii meiyou, rangi ile meiyou, punguzo meiyou. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mwiko mkononi, akilisikiliza kama mahubiri.

"Na harufu hii?"

"Samaki wangu wa chumvi. Nakaa hapo chini, nyumba nzima inanuka, waulize majirani." Kisha nikamsikia akiupiga mlango wetu kwa kiganja. "Wewe una mama kwenu? Huu mlango una ng'ombe? Sikukuu imepita, mlango mtupu, nani atakaa humo? Wamehama."

Yule askari naye alikuwa mtoto wa mtu, na bila shaka mama yake alikuwa amebandika ng'ombe. Buti zikashuka.

Mama alikaa chini palepale jikoni, akalia, na mimi nikalia kwa kumwona yeye. Nilipomtafsiria yote aliyoyasema A-po, aliuweka mwiko sakafuni. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia kabla ya hapo wala baada yake: kwamba nyanya yake naye alikuwa na pembe za ng'ombe juu ya mlango, na pembe moja ya dawa ya mvua, na siku walokole walipozichoma uani yule mama mzee alikaa pembeni bila kusema neno, kama A-po na kile kipande chake cha karatasi. "Sikumwelewa," Mama alisema. "Nilikuwa naimba."

Pasipoti ilirudi siku mbili tatu baadaye. Siku hiyohiyo Mama alijifunga khanga, akashuka uani, akamkuta A-po akikanda udongo. Hakuomba msamaha, Kichina chake kilikuwa cha bei na saizi tu. Alichuchumaa, akachukua bonge, akaanza kufinyanga pembe, kama walivyokuwa wakifanya watoto wa wachungaji kwao, ndefu, zinazopanda juu. A-po akazing'oa. Pembe za nyati wao wa mpunga zinalala nyuma. Mama akazirudisha. Wakabishana hivyo kwa mikono mpaka jua likawa kali, kila mmoja na lugha yake, na mwisho yule ng'ombe akabaki na pembe moja ya Guangdong imelala na moja ya Shinyanga imesimama. Sisi tulicheka mpaka tukashika matumbo. Siku ya kumchapa ilipofika, Mama alimchapa kuliko sisi wote, kila fimbo na haleluya yake, na kipande chake akakizika kwenye sufuria la mchicha tulilokuwa tumeliweka dirishani.

Baadaye A-po alipanda na gundi na karatasi mbili. Mama alichunguza, akachukua moja. "Ng'ombe sawa," akaniambia nitafsiri. "Huyo mwenye majani abaki jikoni kwake." A-po akacheka, meno yote nje. Mchungaji wa kwenye karatasi yetu alikuwa peku.

Tuliondoka baada ya miaka michache, na A-po amekwishafariki, nilisikia kwa mwalimu. Wenzetu wengi waliojaza vichochoro vile nao wametawanyika. Sasa uani pamesakafiwa, pikipiki za umeme zinachajiwa pale ng'ombe alipokuwa akipasuka. Milango ni ya chuma yenye kufuli za namba. Nilipanda ghorofa baada ya ghorofa nikitafuta hata kona ya karatasi nyekundu, sikuiona. Ungempandisha A-po ngazi zile angesema jengo zima limehamwa, na nilijisikia mpweke kama niliyechelewa msiba.

Nilisimama mbele ya mlango wetu. Ulikuwa mtupu kama mingine. Nikainua mkono nigonge, na hapo ikanijia kutoka chini yake, nyembamba, haina shaka: harufu ya dagaa kwenye mafuta. Ndani, jiko likazimwa.

Mlinzi alikuwa akiniangalia muda wote. Akanusa, akauliza kama kuna mtu anaishi humo.

"Meiyou," nikamwambia, nikateremsha mkono. "Ni samaki wa chumvi, wa huko chini."