Sado ya Maji Juu ya Suti ya Shemeji

Ukifika Kabungu ukauliza jina langu la ubatizo utazunguka hadi jua lizame, lakini ukisema "yule wa sado" hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akuonyeshe nyumba, na aibu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, mbele ya wazazi wa shule nzima, nikiwa na nia njema kabisa.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliiachia darasa la tano, nikauza mitumba Majengo, nikachoma tofali Magamba, na nikichoka naenda kwa dada yangu Kabungu kula wali wa shemeji. Safari hiyo nikamkuta mpwa wangu Furaha (naye yuko darasa la tano, pale pale nilipokwamia mimi) anaijaza glasi maji pomoni, anaifunika kwa jalada la daftari, anaigeuza juu chini, anaachia mkono, na maji hayamwagiki!

"Ni hewa, mjomba, inasukuma karatasi kutoka chini," akaniambia. "Madam Salome katufundisha."

Jamani. Enzi zetu tuliimba "hewa ina kani" darasa zima huku mwalimu ameshika fimbo, lakini hiyo kani yenyewe sikuwahi kuiona, nilijua ni kitu cha kujibia mtihani tu. Siku hiyo niligeuza glasi za dada mpaka akaenda kuzificha zile za wageni.

Shida ilikuwa kwa shemeji, baba yake Furaha, mwenyekiti wa kamati ya shule. Wazazi walikuwa wanalalamika kwamba kwa madam Salome watoto wanachezea maji na vizibo vya soda badala ya kukariri, na kikao kikaitishwa kuamua kama aondolewe kwenye hisabati na sayansi, arudi mwalimu wa zamani, yule wa kuimbisha. Furaha alilia hadi akakataa kula. Nikamwambia, "Nyamaza, mjomba yupo." (Hapo ndipo yalipoanzia.)

Siku ya kikao darasa lilijaa. Madam akatoa glasi yake aonyeshe, mzazi mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kwa kiglasi hicho sisi huku tutaona nini?" Nami, bila kuulizwa na mtu, nikanyanyuka nikasema tutumie sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya kupimia mchele, waone wote.

"Kaka, hiyo hatujaijaribu," madam akasema.

"Madam, glasi imekubali, sado itakataaje?"

Nikatia maji (sikuijaza sana, ilikuwa nzito), nikafunika kwa kipande cha boksi la sabuni, na ili niwakomeshe wapinzani moja kwa moja nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha shemeji, aliyevaa suti yake ya pekee, ile ya harusi.

"Shemeji, tulia. Hata tone halikugusi."

"Wewe, una uhakika?"

"Sayansi hiyo, shemeji."

"Mwenyekiti anaogopa maji!" watu wakamtania, naye akakaza shingo. Nikageuza. Nikaachia mkono.

Boksi lilitangulia, maji yakafuata yote, na kwa mshtuko sado yenyewe ikaniponyoka ikamkaa kichwani kama kofia. Kisha darasa likalipuka, watu wanapiga madawati, mama mmoja anajifuta machozi kwa khanga, mimi natafuta mlango na mlango umezibwa na watu. Nikamwona madam Salome amejishika kichwa, nikajua somo lake nimelizika mimi, si wapinzani wake.

Shemeji akaivua sado taratibu. "Kwa nini yamemwagika?" akauliza. Hakuwa anafoka, aliuliza kweli. Sisi wa kukariri tukaangaliana. Walionyoosha mikono ni watoto waliokuwa wanachungulia madirishani.

"Baba, boksi limelowana likapinda," Furaha akasema, "hewa ikapenya pembeni. Halafu mjomba hakujaza mpaka juu."

"Umejuaje?"

"Darasani tulishamwaga sana."

Shemeji akajipangusa uso. "Haya, chukua glasi ufanye wewe. Lakini kichwani kwa mjomba wako."

Nikakaa kwenye kile kiti kilicholowa, nimefumba macho, nimekunja mabega, nikasikia sauti ya shemeji karibu kabisa na sikio langu: "Alaa! Kumbe imeshika!" Kufumbua macho, mwenyekiti mzima ameinama, maji yanamchuruzika puani, anachungulia chini ya glasi. "Rudia," akamwambia mwanawe. Akarudia, na akarudia tena, na kikao kikaisha bila mtu kumkumbuka mwalimu wa kuimbisha.

Madam bado anafundisha. Suti niliifua na kuipiga pasi mimi, dada amesimama mlangoni ananisimamia. Na nimeapa: wazo lolote jipya likinijia, nitalijaribu kwanza juu ya kichwa changu mwenyewe, mbali na watu, shati nimevua.