Mstaafu Aliyeutii Mfumo

Siku mfumo wetu mpya ulipowashwa, mtu wa kwanza kuutii alikuwa mzee aliyekwisha kustaafu.

Wakati huo nilikuwa mwangalizi wa kompyuta katika ofisi moja ya maji pale mtaa wa Asiatique, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Ofisi ilijenga mabomba ya umma katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura kwa msaada wa wafadhili, na wafadhili walitaka kila mradi uonekane ndani ya kompyuta: nani anafanya nini, amefika wapi, atamaliza lini. Kwa hiyo tulikuwa na programu kubwa ya kusimamia miradi, nayo ilikaa ndani ya seva yenye chumba chake, kufuli lake na kiyoyozi chake. Mimi nilikuwa na feni.

Programu ile ilikuwa na sehemu ya kuandika asilimia ya kazi iliyofanyika, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wahandisi wetu waliielewa haraka kuliko zote. Ukiandika chini ya tisini, unaitwa kujieleza. Ukiandika mia, unaombwa picha. Basi wote waliandika tisini na tano. Kulikuwa na miradi iliyokaa kwenye tisini na tano tangu kabla sijaajiriwa, imetulia, haina homa wala kikohozi. Kila mradi ulikuwa na taa yake kwenye skrini pana iliyotundikwa ofisini kwa mkurugenzi, na taa zote zilikuwa za kijani. Mkurugenzi alipenda kuwapokea wageni akiwa ameipa skrini mgongo, ili ile kijani imwangukie mabegani.

Likaja toleo jipya. Nilipewa wiki mbili za kulisimika. Nilinakili data yote, nikaweka akiba kwenye diski mbili, nikajaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni, kisha Jumamosi moja asubuhi nikahamisha kila kitu. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana na nikajivunia sana, maana hakuna kilichopotea. Ubaya ulikuwa hapohapo. Katika toleo la zamani, mfanyakazi aliyeondoka aliwekewa alama kwenye kisanduku fulani. Toleo jipya halikukitambua kisanduku hicho, kwa hiyo wote wakarudi kazini: waliohama, waliofukuzwa, waliostaafu. Niliona orodha imekuwa ndefu kupita kiasi. Nikajiambia nitaisafisha baada ya sherehe ya uzinduzi, kwa sababu nilikuwa nimeahidiwa kukaa safu ya mbele.

Toleo hilo lilikuwa na jambo moja ambalo mkurugenzi alilipenda kuliko yote. Lilimtumia ujumbe wa simu kila mtu aliyechelewesha kazi. Barua pepe hazikuwa na msomaji. Maneno ya ujumbe niliyatunga mwenyewe, kwa Kiswahili, maana Kifaransa cha programu kilikuwa kirefu mno kwa simu, na chini yake nikaweka sahihi: Mfumo.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa mlangoni alinipandishia mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya kufuma na viatu vilivyojaa matope. Alikaa mbele ya meza yangu, akafungua leso, akatoa simu ndogo ya vitufe na kunisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti ya taratibu.

"Kazi namba kumi na saba. Ukaguzi wa bomba la umma, Kinama. Umechelewa siku mia saba na arobaini. Tafadhali chukua hatua. Mfumo."

Akaifunika simu tena.

"Binti yangu," akasema, "mi nimefanya kazi hapa miaka mingi. Sijawahi kuchelewa hata siku mbili. Sasa siku mia saba, mutu mwenye heshima anazieleza namna gani?"

Nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba ni kosa la kompyuta, kwamba yeye amekwisha kwenda retreti, amestaafu, na hana deni lolote la kazi hapa.

"Jina langu iko pale?"

"Lipo, mzee."

"Basi kazi ni yangu." Akafikiri kidogo. "Huyu Mfumo ni nani? Ni shefu mupya?"

Nikasema ni kama msimamizi, lakini si mtu.

"Anaandika kwa adabu. Anasema tafadhali. Shefu wa zamani hakusemaka tafadhali hata siku moja."

Kumbe kazi alikuwa amekwisha kuifanya. Anakaa Mutakura, na alfajiri, baada ya kuswali, alitembea kwa miguu hadi Kinama kulikagua lile bomba kabla ya kuja kwangu. Akanipa karatasi ya daftari la hesabu, mwandiko umesimama wima kama uzio. Bomba lipo. Maji hayapo. Koki imefungwa kwa waya. Juu ya saruji yake mama mmoja anaanika maharage, na anasema hajawahi kuona tone tangu lilipojengwa.

Hapo ningefunga akaunti yake na hadithi ingeishia hapo. Lakini mzee alikuwa amenikazia macho, akisubiri kuona kazi yake inapokelewa. Nikafungua kazi namba kumi na saba, nikaandika alichoandika, nikabonyeza. Nilidhani ninanyamazisha simu tu.

Mfumo ulifurahi. Uliona mtu mmoja anajibu, ukamtumia kazi zake nyingine zilizolala, moja kila asubuhi. Naye akawa analeta majibu kila baada ya siku mbili, akiwa amevaa koti. Bomba hili halina mfereji, maji machafu yanaingia kwa jirani. Hili limejengwa mahali ambapo mtambo hausukumi maji. Hili halipo kabisa, ni shimo, na watoto wameweka mti ndani wasianguke. Nilikuwa namkaribisha chai, naandika, yeye anaangalia vidole vyangu kuhakikisha siruki neno.

Wiki ya tatu mkurugenzi akaniita. Skrini yake ilikuwa na taa saba nyekundu.

"Madamu, seva imeharibika," akasema.

"Hapana, shefu. Nimeipima asubuhi. Kumbukumbu inatosha, diski ina nafasi, ujumbe unakwenda vizuri. Seva ni nzima."

"Kama ni nzima, mbona kuna nyekundu?"

Nikasema nyekundu inatoka kwenye rapo, yaani ripoti za ukaguzi. Akamwita mhandisi wa mradi, naye akaja na faili kifuani, akasema bila kuulizwa kwamba yuko tisini na tano. Mkurugenzi akataka kujua ni nani anayeandika mambo haya. Nikamsomea jina. Mkurugenzi hakuwahi kumwona mzee, maana alihamishiwa kwetu mzee akiwa amekwisha kustaafu, na hakutaka kukiri mbele ya mhandisi kwamba hamjui mfanyakazi wake. Tena siku hiyohiyo mfumo ulikuwa umemchagua mzee kuwa mfanyakazi bora wa mwezi, kwa kuwa ndiye pekee aliyemaliza kazi zake. Cheti kilikuwa kimekwisha kuchapishwa, kimelala mezani pa mkurugenzi, kinasubiri sahihi yake.

Akakaa akikitazama cheti, akitazama skrini.

"Ni mtu wa bidii," akasema mwishowe, "lakini hajui kujaza. Mpeleke kwenye mafunzo."

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nilinyamaza, kwa sababu ukweli ulianzia kwenye kisanduku nilichokisahau mimi.

Mafunzo yalifanyika Alhamisi katika chumba cha mikutano, na mwalimu nilikuwa mimi. Wahandisi walikaa nyuma karibu na dirisha. Mzee alikaa mbele, kalamu mbili mfukoni. Nikaeleza jinsi ya kuingia, jinsi ya kubadili tarehe, jinsi ya kujaza asilimia. Mzee akainua mkono.

"Bomba ambalo haitoi maji, ni asilimia ngapi?"

Nikamtazama mhandisi wa mradi.

"Inategemea," mhandisi akasema.

"Inategemea nini?"

"Kuna kuchimba, kuna saruji, kuna koki, kuna kupaka rangi. Hizo zote ni kazi. Maji ni kitu cha mwisho."

Mzee akaandika "maji ni kitu cha mwisho" kwenye daftari lake, bila kejeli hata chembe, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nami nikaendelea na somo la tarehe, nikiwa nimesahau ninasema nini.

Mambo yaliharibika wakati wa mapumziko ya soda. Mama wa idara ya wafanyakazi aliingia na orodha ya mahudhurio, akamwona mzee, akasimama.

"Mzee, we si tulikufanyia sherehe? Si tulikupa saa ya ukutani?"

"Iko ukutani mpaka leo, inatembea vizuri," mzee akamjibu, akasaini orodha.

Kesho yake, Ijumaa, saa tano na nusu, mkurugenzi akaniita tena. Safari hii alikuwa mtulivu, karibu mwenye furaha. Kama mzee si mfanyakazi, akasema, basi rapo zake si rapo. Ni maneno ya mpita njia. Nifunge akaunti yake na nizifute zote saba, leo.

"Sasa hivi, shefu?"

"Leo, madamu. Leo ina saa nyingi."

Alikuwa hajui, au amesahau, kwamba kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita kamili, mfumo hutuma picha ya taa zote kwa wafadhili. Mimi ndiye niliyeupanga hivyo, kwa maagizo yake, wakati kijani ilikuwa imejaa skrini nzima. Nilirudi mezani. Nikaangalia saa. Nikachukua mkoba wangu, nikashuka ngazi, nikaenda kula wali, maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja nyuma ya maduka. Nilikula polepole. Sijui kama huo ulikuwa ujasiri. Nadhani nilijiambia nina njaa. Niliporudi saa saba nikafuta rapo zote saba kama nilivyoagizwa, na skrini ikawa kijani tena.

Akaunti haikufungika kirahisi. Fomu ya kumwondoa mtu ilihitaji sahihi ya mtu mwenyewe, ndiyo maana hatukuwahi kumwondoa mtu yeyote kwa njia halali. Mzee aliitwa Jumatatu. Alisaini pale nilipomwonyesha, akaniuliza swali moja tu.

"Huyu Mfumo amekasirika?"

"Hapana, mzee. Amesema asante."

Huo ni uongo niliousema nikiwa nimemwangalia usoni, na bado sijauonea aibu.

Wafadhili waliandika baada ya siku kumi. Waliuliza kwa upole kuhusu taa saba walizoziona, na wakasema watatuma mtu mwezi unaofuata. Sijawahi kuona ofisi ikikimbia vile. Magari mawili yalikwenda Kinama na mabomba, na saruji, na mhandisi amevaa buti za mpira ambazo bado zilikuwa na karatasi ya bei. Walitengeneza mabomba mawili, yale yaliyo karibu na barabara nzuri. Mgeni alipelekwa kwenye hayo mawili, akanywa maji mbele ya kamera, na mkurugenzi akatoa hotuba kuhusu faida za kufuatilia miradi kwa kompyuta. Nilikaa safu ya mbele. Yale matano mengine yako vilevile.

Jumamosi iliyofuata nikachukua kilo mbili za sukari na kwenda Mutakura kumwarifu mzee. Nilimkuta uani amejilaza juu ya mkeka, spana mkononi, anafungua koki ya nyumba. Nikamwambia mawili yanatoa maji.

"Nimeona," akasema. "La pili wamefunga mupira vibaya. Litavuja kabla ya mvua."

Mkewe akatoka na birika la chai, akanisalimu, akanimiminia, akakaa kando yangu na kushusha sauti.

"Mwanangu, mi siwaombi pesa. Mutafutieni kazi huyu, hata ya bure. Tangu mumuache, ananikagua jiko. Jana ameniandikia rapo ya sufuria."

"Sufuria imetoboka," mzee akasema kutoka chini. "Nimeandika kitu kilichopo."

Mvua ikaanza kudondoka, tukahamisha chai ndani.