Fimbo ya Shujaa Aliyekufa

Itangishaka, fundi viatu wa Kasenga, alikuwa mwema kupita kiasi, na mimi wema wa namna hiyo nauita ujinga. Baba yake alipofariki, mama yake, Inamahoro, alimkabidhi fimbo ya marehemu aitunze hadi siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo ukoo ungekutana kule Sange, na atakayesimama na fimbo mkononi ndiye angetajwa mrithi: shamba la mpunga lake, nyumba yake, na neno la nani akae na nani aondoke ni lake. Inamahoro aliishi katika nyumba hiyo. Sévère, mtoto wa mke mdogo, hakuwahi kumpenda.

Sasa sikia alichofanya huyu bwana.

Kila Jumapili baada ya misa, yeye na wenzake walikutana nyuma ya saluni ya Achille, kinyozi, kucheza mchezo wa mashujaa. Kila mchezaji anajitungia shujaa wake, Achille anasimulia hatari, dadu inaamua nani apone. Achille alikuwa amechoshwa na panga za wafalme wa Ulaya. Akaamuru kila shujaa abebe kitu cha urithi cha kwao, na kitu chenyewe kiletwe mezani, kishikwe, ili hadithi iwe na uzito. Claudette alileta kibuyu cha maziwa cha bibi yake. Itangishaka, bila hata kujikuna kichwa, akaleta fimbo.

Sévère naye akaanza kuja, akisindikizwa na majirani wawili wa Sange. Mazimwi ya mchezo hayakumhusu hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye fimbo. Itangishaka alifurahi, maskini, akidhani msiba umewapatanisha.

Jumapili moja dadu ikamkataa Itangishaka. Shujaa wake akafa akilinda kivuko cha Ruzizi, na kwa sheria ya mchezo, kitu cha marehemu hupokelewa na shujaa mwingine. Sévère akasema wake ndiye aliye karibu.

"Mufanye kama kweli," Achille akahimiza.

Basi Itangishaka akasimama, akainama, akaitoa fimbo kwa mikono miwili, akatamka maneno ambayo wazee wa kwao huyatamka mara moja tu maishani, wakimkabidhi mrithi fimbo: "Shika, ukae mahali pangu." Wachezaji wakapiga makofi. Majirani wa Sange hawakupiga. Walikuwa wakitazama vizuri.

"Nitakurudishia, kaka," Sévère alisema, akapanda pikipiki na fimbo begani.

Hakuirudisha. Siku ya kumaliza matanga, baba yao mdogo, Nshimirimana, aliita fimbo mbele ya ukoo, na Sévère akasimama nayo.

"Ilikuwa mchezo!" Itangishaka akapiga kelele. "Minye nilikuwa nacheza tu! Shujaa yangu alikufa, njo nikamupatia."

"Alikufa?" Nshimirimana akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na mutu akikufa, fimbo inabakia na nani?"

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka hadi wakashikana mabega, watu hao hao waliokuwa wakila wali wa marehemu. Inamahoro peke yake hakucheka.

"Ulimupatia na mikono mbili?" alimuuliza mwanawe.

Angetamani kukana, lakini wale majirani walikuwa wamekaa pale pale, tayari kusema. Akaitika kwa kichwa. Mama akainuka, akaenda kufunga vyombo vyake kabla ya kufukuzwa.

Leo analala Kasenga, katika chumba cha mwanawe, kati ya viatu vya watu. Inaniuma, na uchungu wangu wote ni kwa ajili ya mama.

Juzi Achille alifika kuomba msamaha, na kwa kukosa haya akaleta na mchezo wake: shujaa mpya wa Itangishaka yuko tayari, bado kitu cha urithi tu.

"Tumupatie nini, ndugu?"

Itangishaka aliendelea kushona soli. Mama ndiye aliyejibu, kutoka mkekani.

"Mumuandikie minye, mama yake. Njo kitu baba yake alimuachia. Hakuna mwingine mwenye alinitaka."